Funguo Kumi na Moja za Riakenyoro

Riakenyoro lilikuwa soko haswa, si mchezo. Kisha lami ikapitishwa ng'ambo ya mlima, magari yakaifuata, na wenye maduka wakayafuata magari. Wakabaki mbuzi, magugu, na Mong'ina, fundi wa nguo aliyeapa kwamba cherehani yake haijui kuhama. Kila aliyeondoka alimwachia ufunguo: "Mama Sharon, niangalizie duka." Funguo kumi na moja alizifunga kwenye kamba, akazivaa kiunoni miaka tisa. Kila mwezi alifungua maduka yote, akamwaga majivu chini ya rafu ili mchwa wasile mbao, akafunga.

Hakumwamini mtu. Mgeni akipiga picha, huyo ni dalali wa ploti. Mbuzi akilala barazani, mwenye mbuzi anajipimia kiwanja.

Basi Jumapili moja akakuta mlango wa duka la Dahir, mmoja wa waliohama, una kufuli jipya. Ufunguo wake haukuingia. Kati ya wote, Dahir! Miaka ishirini walipakana baraza. Ijumaa Dahir akienda Nyamira kuswali, Mong'ina aliwauzia wateja wake sukari. Jumamosi Mong'ina akiwa kanisani, Dahir alimlindia cherehani. Duka hilo likiibwa mikononi mwake, atamtazama vipi?

Tena mwizi alikuja Jumamosi, maana Ijumaa jioni kufuli la zamani lilikuwepo. Alijua Sabato yake. Mong'ina akamfuata Bosire, dalali wa ploti, hadi shambani kwake.

"Bosire, katoe kufuli lako."

"Mama, hata msumari wangu hauko pale!"

"Hakuna mwizi anayejiita mwizi," akasema, akageuka.

Jumamosi iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, Mong'ina hakwenda kanisani. Alijifungia dukani kwake, Biblia mapajani, jicho kwenye ufa wa mlango, akimwomba Mungu amsamehe na pia amletee mwizi.

Kabla ya adhuhuri pikipiki ilisimama. Mtu akashuka, akatoa ufunguo, kufuli likafunguka. Mong'ina akachomoka na mkasi mkononi. Alikuwa Dahir mwenyewe.

"Mama Sharon! Leo si Sabato?"

"Ni Sabato. Ndiyo maana umekuja leo."

Dahir akainamisha kichwa. "Watu waliniambia unafungua duka kila mwezi. Wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Mizani yangu iko ndani, nikaona haya kukuuliza. Wiki jana nilibadili kufuli haraka bila kuingia, leo nimekuja kuikagua."

Mong'ina akausukuma mlango. Mizani ilikuwa pale pale, imefunikwa leso kuukuu ya Mong'ina. Chini ya rafu kulikuwa na majivu. Dahir aliyatazama kitambo, kisha akamnyooshea ufunguo mpya.

"Shika, mama. Nimekosa."

"Kaa nao."

Kushukiwa na Dahir kulimuuma kuliko kifo cha soko lenyewe. Akafungua fundo la kamba, akautoa ufunguo wa zamani, akauweka juu ya mizani, akaondoka bila kwaheri. Bosire naye hajaombwa radhi hadi leo.

Kiunoni zilibaki kumi. Kila mwezi Mong'ina hupita na debe lake la majivu, na akifika kwa Dahir hutazama pembeni na kuongeza hatua. Masika ilipokwisha, watu walisikia rafu zikianguka ndani ya duka hilo. Mchwa hawakumwomba mtu ufunguo.