Hesabu za Kichwani

Jiko letu la Thamesmead lilinuka vitunguu na vumbi la chaki. Kabla hatujahamia London, mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Tanga, na ingawa huku kazi yake ilikuwa kuogesha na kulisha wazee majumbani mwao, ubao hakuuacha. Aliuegemeza kwenye friji akanifundisha mwenyewe tangu nikiwa na miaka mitano, maana alisikia kwamba watoto wa shule za huku wanatukana walimu na kubeba visu. Hesabu tulizifanya yeye akisukuma chapati. Karatasi hakunipa. "Kichwani, Zuhura," alisema, na kabla chapati haijageuzwa nilitakiwa niwe na jibu. Nikichelewa, ilikwenda kwa mdogo wangu. Nilijifunza haraka, tena kwa raha, na nilidhani watoto wote duniani wanahesabu hivyo.

Nilipotimiza miaka kumi na miwili mama aliongezewa zamu, ikabidi nipelekwe shule. Hakuna aliyeniandaa, na hilo nalo linanikera hadi leo. Siku ya kwanza mwalimu alipoingia nilisimama kumsalimu, nikabaki nimesimama peke yangu huku darasa zima likiangua kicheko. Chakula cha mchana nilikila wima karibu na mlango wa maktaba, kwa sababu kila kiti nilichokigusa kilikuwa na mwenyewe. Kuongea kwangu walikucheka, sweta aliyonifumia mama waliicheka, hata nilivyopokea daftari kwa mikono miwili walinicheka. Kitu kimoja tu nilikiweza mahali pale, nacho ni hesabu.

Wiki ya tatu tulipewa jaribio. Nilimaliza kabla ya wote na nikapata yote. Kwenye karatasi yangu hapakuwa na kitu ila majibu, na kabla ya hapo nilikuwa nimepita mezani kwa mwalimu kuazima rula, palipokuwa na karatasi yake ya majibu sahihi. Akaniita mlangoni.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Kichwani."

"Mbona hakuna hata hatua moja?"

Sikujua hatua ni nini. Niliinamisha macho, kama nilivyolelewa kufanya mkubwa anaponisemesha kwa ukali, naye akasema hata kumtazama usoni siwezi. Akamwandikia mama barua kwamba nimeibia majibu.

Mama alikuja na sare yake ya kazi, kabeba chapati ndani ya karatasi ya foili. Mwalimu alizisogeza pembeni ya meza akasema haruhusiwi kupokea zawadi. Mimi sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na furaha, kwa kuwa mtu pekee London nzima aliyejua ukweli alikuwa amefika. Alihitaji kusema sentensi moja tu: muulize hesabu yoyote sasa hivi. Mwalimu akaeleza kosa langu, mama akiitikia kwa kichwa, mikono kaifumbata mapajani. Alipomaliza, mama akanigeukia.

"Mwombe mwalimu radhi."

"Mama, sikuibia."

"Zuhura. Mwombe mwalimu radhi."

Nikasema, "Sorry, sir." Hasira ilinijaa. Kesho yake nilihamishiwa kundi la mwisho, wanakojifunza kujumlisha kwa vipande vya rangi, na dawati langu likageuzwa kuelekea ukuta hadi Krismasi. Wenzangu wakanibandika jina la mwizi. Ndani ya basi, siku ile tulipotoka kwa mwalimu, mama alifungua zile chapati akanipa moja. Nilikataa, naye hakunibembeleza.

Sasa nina miaka ishirini na saba na ninafundisha hesabu katika shule moja huku Hounslow. Mwanafunzi akiniletea jibu tupu, namtajia hesabu nyingine palepale nimsikilize. Inachukua nusu dakika. Nusu dakika ndiyo niliyonyimwa, na kila ninapoitoa kwa mtoto mwingine namkasirikia upya mwalimu yule.

Mama, kwa kweli, nilikuwa nimeanza kumsamehe. Nilijiambia kwamba labda alinitilia shaka, na mzazi naye ni binadamu, hukosea. Idi iliyopita nilikwenda kwake, nikamkuta jikoni anasukuma unga, nikamuuliza kama siku ile aliamini niliibia.

"Uibie nini?" akasema. "Si mimi niliyekufundisha?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Mzazi hambishii mwalimu mbele ya mtoto. Mimi Tanga sikubishiwa hata siku moja."

Alisema hivyo bila kuinua macho, kwa sauti ileile aliyoitumia kunifundishia. Kumbe alijua. Alijua tangu mwanzo, akaona heshima ya mwalimu asiyemfahamu ilindwe kwanza, yangu baadaye. Akanitilia chapati ya moto kwenye sahani, nami nikaiangalia hadi ikapoa. Nikiwa na miaka kumi na miwili niliomba radhi kwa kosa ambalo mimi na yeye tulijua halikuwepo. Mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi mimi.