Kitufe Asichokigusa Mtu

Ofisini yule dada mbunifu wa skrini za simu tulimwita Fagio, na jina likamganda. Ukimpa skrini iliyojaa takataka, kesho yake anakurudishia nyeupe, ina maneno mawili na kitufe. Hata kalamu zake zililala mezani zikitazama upande mmoja. Mimi niliyekaa meza ya pili, droo yangu haikuwahi kufunga. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za wateja, yaani kutukanwa kuanzia asubuhi na kujibu kwa adabu.

Programu yetu ilikuwa ya kutafutia migahawa. Unaifungua kwenye simu, unaona pa kula, ukitaka unaagiza uletewe nyumbani. Ilianza vizuri, halafu kila aliyepita pale ofisini akaongeza lake: kitufe cha wenye watoto, cha wenye mbwa, cha wanaotaka muziki, cha wasioutaka. Mpaka upate sahani ya chakula, njaa imeshakata tamaa. Bosi akamwita Fagio.

"Dada, nisafishie hiki kitu. Nataka hata mama yangu akielewe."

Akaanza kufyeka. Kila kitufe alikipima kwa swali moja tu: mwezi huu kimebonyezwa na wangapi? Kisichobonyezwa kinatoka. Kanuni hiyo hakuitunga yeye, ndiyo wanayoitumia wenzake wa kazi ile, na sote tuliiona ya haki.

Ndipo akafika kwenye kitufe kilichoandikwa Laini. Kilikuwa cha wasioweza kutafuna: vibogoyo, waliotoka kupasuliwa, waliopooza upande. Ukikibonyeza, jiko la kwanza kutokea lilikuwa la shangazi yake Fagio, aliyemlea tangu mama yake alipofariki na kumsomesha kwa sufuria hizo hizo. Shangazi alipika supu ya kuchuja, viazi vya kuponda, samaki aliyetolewa miiba kwa vidole. Hakuwa na viti vya wateja wala kibao barabarani. Kila mlo uliondoka kwa pikipiki.

Hesabu ya kitufe kile ilikuwa aibu tupu. Mwezi mzima ni kama hakikuguswa.

"Nikikiacha nitaambiwa nambeba shangazi yangu," aliniambia. "Cha mbwa nimekitoa kwa hesabu hiyo hiyo."

"Kiache, bwana. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Akakitoa. Niliuona mkono wake ukisita, na nikamheshimu kwa kutousikiliza. Ndivyo tulivyokuwa wajinga sote wawili.

Programu mpya ikatoka, sifa zikamwagika. Skrini moja, migahawa yenye nyota nyingi juu, basi. Bosi akanunua keki. Fagio alimpigia shangazi yake kumpa habari njema, akaisikia sauti imezama.

"Nimechoka tu, mwanangu. Hongera."

Fagio aliniambia uzee unamwingia shangazi, akamnunulia vitamini.

Siku moja akapiga mwanamke ambaye hakutukana. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

"Samahani, kaka. Chakula cha baba yangu sikioni tena. Nikifungua naletewa kuku wa kukaanga."

"Ulikuwa unabonyeza Laini, dada?"

"Nilikibonyeza siku baba alipotoka hospitali. Kikabaki hivyo hivyo. Ya nini nikibonyeze tena? Nikifungua tu, bakuli lake hili hapa juu."

"Na jiko lenyewe, jina lake?"

"Wala sikuwahi kulisoma."

Nikamwekea Fagio simu sikioni, nikamwomba yule dada arudie. Wenye mbwa walikuwa wakibonyeza leo na kuacha kesho. Hawa walibonyeza mara moja wakatulia humo miaka, kwa kuwa meno ya uzeeni hayaoti tena. Hakuna aliyekigusa kitufe kwa sababu hakuna aliyekuwa na pengine pa kwenda. Sisi tukasoma kwamba hakuna anayekitaka.

Fagio alikwenda kwa bosi. Bosi alimsikiliza kwa upole, akasema watu wamesifu mno, tusiwavuruge sasa, toleo lijalo tutalitazama. Upole wake uliniudhi kuliko kama angefoka.

Tukaenda kwa shangazi pamoja, maana Fagio aliogopa kwenda peke yake. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, saa ambayo zamani mlangoni pale palikuwa hapapitiki kwa pikipiki. Moto uliwaka chini ya sufuria moja ndogo. Zile kubwa zilikuwa zimefunikwa kifudifudi. Shangazi akatufutia vigoda, akataka kutupa chai.

"Shangazi, oda zako..." Fagio alianza.

"Sikutaka kukubebesha hilo, mwanangu." Akaketi. "Wameondoka. Yule aliyekuwa akiandika 'mama anashukuru, punguza chumvi.' Yule wa kijiko kidogo. Yule mzee wa kuulizia samaki kila Ijumaa. Kwa mpigo mmoja, hata sijui ni ugonjwa gani umepita. Wateja wangu ni wazee na wagonjwa. Wakinyamaza, najua maana yake. Namba zao sipewi, majina sina. Nikiomba usiku nasema tu, Mungu, yule wa kijiko, umpumzishe."

Fagio aliangua kilio. "Hawajafa, shangazi. Ni mimi. Nilikitoa kitufe chao."

Akamweleza yote, hata lile la kuogopa kuambiwa anambeba. Nilingoja hasira, na ningeielewa. Badala yake uso wa shangazi ulifunguka, akamshika mikono yote miwili.

"Wako hai?"

"Wako hai."

"Na yule wa samaki?"

"Nadhani naye yupo."

"Mungu mkubwa!" Alicheka huku machozi yakimtoka, akainuka, akaigeuza sufuria kubwa na kuanza kuipangusa. Katikati ya kupangusa akasimama.

"Sasa siku zote hizi," aliuliza, "wanakula nini?"

Fagio akanitazama mimi, mpokea simu.