Muzee Murhula na Sufuria za Mbali

"Mama Bénie! Unapita mbele ya mulango yangu na sufuria ya Chine juu ya kichwa, muchana, jua liko wazi, kama vile mimi nilishakufa!"

Ndivyo Muzee Murhula alivyonisalimia siku ile. Hata habari hakuuliza. Nikatua sufuria chini.

"Muzee, yako ni dola makumi tatu na tano. Hii nimelipa kumi na tano. Siku ya samedi naoza mutoto, siozi sufuria."

"Hiyo ni karatasi. Ukikohoa karibu yake, inatoboka."

"Na yako mutu akiibeba, shingo inaingia mu mabega."

"Sema tu. Mutaa yote ya Murara inasema vile. Mwezi wa pili huu, hakuna jirani amenunua kwangu hata kifuniko. Mwezi ukiisha hivi, nauza mivukuto, naenda kulinda mulango usiku, kuwa santineri kwa depo yenye kuuza hizo karatasi zenu."

Akaingia kwake, akanifungia mulango wa mabati ambao hata haufungike.

Murhula kabila yake ni Mushi, kwao ni Walungu. Alikuja Goma kijana, mujomba wake akamufundisha kuyeyusha aluminium: pistoni za magari, makopo, kila chakavu. Anajaza sanduku na muchanga mweusi wa volkano, anagandamiza ndani sufuria ya mufano, anaitoa, kisha anamwaga aluminium ya moto pale ilipokuwa. Sufuria moja, siku moja, na mvua ikinyesha hakuna kitu. Anajisifu kwamba katika maisha yake sufuria zake ziliharibika mara moja tu, na ilikuwa volkano ndiyo iliziyeyusha.

Siku moja nilipiga naye hesabu. Toa makala ya moto. Toa chakavu, ambayo bei inapanda kila mwezi kwa sababu wanunuzi wanaivusha mupaka. "Inatoka hapa chakavu, inarudi sufuria," alisema, "na mimi nabaki katikati naangalia." Kwa sufuria moja anabakia na dola ine. Mashini ya Chine inafyatua elfu kwa siku, na haiombe chakula cha saa sita.

Basi, siku ya jeudi, mbele ya arusi, nikajaribu sufuria yangu. Bugali ya watu wengi haipigwe kwa vidole: unakaa chini, unakaza sufuria na miguu, unashika mwiko na mikono mbili, unasukuma mupaka jasho. Nilisukuma mara tatu. Sikio la sufuria likabaki chini ya kisigino changu, na kitako kikatokea inje kama kitovu cha mutoto. Nikairudisha kwa depo.

"Mama, hii ni ya kuchemsha maji," kijana wa pale akaniambia.

"Kwa hiyo wageni wangu niwape maji ya moto?"

Hawakunirudishia kitu. Kwenda kwa Muzee? Afadhali nipike mu ndoo. Nikakimbia soko ya Virunga, kwa Christa, anayeuza vyombo vya jikoni. Akanitolea moja kubwa, nzito, yenye kung'aa.

"Hii ni Dubaï, mama. Qualité. Ona maandiko."

Chini ya kitako kulikuwa herufi, zingine kama zetu, zingine sijawahi kuona. Nilimaliza primaire, miaka sita yote, lakini hizo hawakutufundisha. Dola makumi sita. Nikalipa bila kubisha, maana kitu cha mbali mutu anaona haya kukibisha.

Siku ya arusi, samedi, ilipiga bugali ya watu mia mbili bila kutingishika. Muzee alikuja pia. Jirani hawezi kukosa arusi, hata akiwa na hasira. Nilimuvuta jikoni makusudi.

"Ona, Muzee. Dubaï wanajua kazi."

Akaipindua. Akaangalia. Kisha akakaa chini kwenye majivu na suti yake, akacheka mupaka machozi.

"Leta kioo," akasema.

Nikaleta cha bibi arusi. Ndani ya kioo nikasoma vizuri: MURHULA GOMA.

Alikuwa amewaza kuandika jina lake ili watu wajue kazi yake. Akaliandika na kidole ndani ya muchanga, sawasawa, kama mu kayé ya shule, akasahau kwamba kinachoandikwa mu muchanga kinatoka kinyume. Akaona haya kuuza sufuria hiyo hapa kwetu, akampa Christa kwa dola makumi tatu.

"Na kumi bado hajanipa," akaongeza.

Wamama wa korali ya kanisa, waliokuwa wanaosha sahani, wakaagiza sufuria ine palepale. Ila wakataka maandiko yabaki kinyume. Muzee akaacha kucheka: hakuwa na makala hata ya kuyeyusha kopo moja.

Lundi asubuhi, siku mbili nyuma ya arusi, nikabeba sufuria juu ya kichwa, nikamushika Muzee mukono, mupaka kwa Christa.

"Ulisema Dubaï!"

"Mama, kama ningesema Murara, ungenipa ngapi?"

Nikatua sufuria chini, nikanyoosha mukono. Watu wa soko ni mashahidi.

"Basi mupe Muzee kumi yake."

Akatoa noti. Muzee akaiinua kwenye jua, akamurudishia.

"Hii imepasuka pembeni. Muuza makala hataipokea."

Christa akanuna, akatafuta mu kitenge, akatoa ingine, safi. Muzee akaikunja mara ine, akaingiza mu soksi, akakata njia moja kwa moja kwa wauza makala.