Jina Lililoazima Kitabu

Nilipostaafu, niliiandikia maktaba yetu ya Nchelenge programu ya kuazimisha vitabu. Watu walikuwa wakipoteza kadi zao, kwa hiyo niliacha kutumia namba za kadi. Programu ilimtambua msomaji kwa jina tu. Nilijivunia urahisi huo.

Mvuvi mmoja, msomaji wetu, alizama ziwani akitoka kisiwa cha Chisenga, na mwili haukuonekana. Mke wake alikataa kukaa matanga. Baada ya miezi kadhaa alikuja kurudisha kitabu cha mume wake. Nilipoandika jina, kioo cha kompyuta kikaonyesha kwamba mume huyo ameazima kitabu kingine juma lililopita, siku ambayo sikuwa kazini.

“Bwana yangu iko muzima?” aliuliza polepole.

Ningeweza kusema sijui. Badala yake niliitetea kazi yangu, nikiigusa mashine: “Masini haisemake uongo, mama.”

Tangu hapo alikaa ufukweni kila asubuhi na sahani ya ubwali, ugali wetu, iliyofunikwa, akitazama kila mtumbwi unaoingia.

Kitabu kile kingine kilirudishwa na mwanamume kutoka Puta, mtoto wa dada ya marehemu. Ukoo ulikuwa umemrithisha jina la mjomba wake, kama ilivyo desturi yetu mtu akifa, bila kumwambia mjane, maana hakutaka kusikia habari za kifo. Maktaba ilipomwuliza jina, alitaja lile alilopewa.

Nilikwenda ufukweni nikamweleza mama yule kwamba jina lilirithiwa na kosa ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika sahani vizuri zaidi.

“Masini haisemake uongo, baba,” alinijibu, macho yake yakiwa majini.