Kesi ya Wakfu wa Babu

Miaka ya vijiji vya ujamaa, kamati ya wakfu wa babu kule Kwaluguru ilimwondoa baba kwenye usimamizi wa madrasa na kumweka mdogo wake. Baba akafungua kesi Korogwe, nilikoolewa, nami nikamsindikiza mahakamani.

"Mzee," hakimu alisema kwa upole, "mali ya wakfu ingekuwa imeibwa, ningeingilia. Nani asimamie madrasa, hilo ni lenu wenyewe. Mahakama haina mamlaka."

Baba mdogo akamfuata baba nje. "Kaka, turudi nyumbani pamoja."

Nilisimama kati yao, sijui nimshike nani. Baba alikataa, akapanda basi lingine. Tangu siku hiyo aliswali nyumbani peke yake, hata Idi. Alipofariki, baba mdogo ndiye aliyemswalia, na sauti ikamkatika katikati ya takbira.