Mama Matangazo na Wiki ya Mapipa Makavu

Mama yangu alikuwa na sauti mbili. Ya nyumbani ilikuwa ndogo, ukikaanga kitu jikoni huisikii. Ya pili ilikuwa mali ya manispaa. Ilitoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya pikapu nyeupe yenye kutu milangoni, na ikipita mtaani hata aliyekuwa bafuni alifunga bomba asikilize. Mwezi uliopita Mwenyezi Mungu alizichukua zote mbili, baada ya ugonjwa wa kifua ambao mwenyewe hakupenda kuuzungumzia. Tunamshukuru kwa yote. Ila nyumba imekuwa kimya mno, na naandika haya kwa sababu wajukuu zake walimjua akiwa amelala kitandani tu, wakimletea maji na kumpepea. Nataka wajue alikuwa nani alipokuwa amesimama.

Kazi yake ilikuwa kutangaza. Maji yakikatika, barabara ya soko ikifungwa, chanjo ya watoto ikianza, gari la taka likibadilisha siku, afisa habari wa manispaa aliandika tangazo, na Mama akalipeleka mitaani. Dereva wake alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Polepole, kwa sababu hata akikimbizwa na mbwa asingebadilisha gia. Watu walimwita Mama jina la Mama Matangazo. Sisi wanawe shuleni hatukuruhusiwa kutojua kitu. Ukiuliza tu mtihani ni lini, wenzako wanakucheka: "Na wewe unauliza? Si kwenu ndiko habari zinakolala?"

Maandishi ya ofisini mnayajua yalivyo. "Wakazi wote mnaarifiwa kuwa kutakuwepo na usitishwaji wa muda wa huduma." Mama aliyasoma kimoyomoyo, akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, kisha akashika kipaza sauti: "Majirani, hamjambo. Kesho maji hayatoki. Jazeni leo. Mwenye nguo za kufua afue leo, asije akaninunia kesho."

Afisa habari, kijana mpole mwenye miwani, mwanzoni alilalamika kwamba tangazo lake linavuliwa nguo barabarani.

"Mwanangu," Mama akamwambia, "tangazo lako nimelifikisha zima. Nimelivua koti tu, nje kuna joto."

Alikuwa na mazoea mawili katika kazi hiyo. La kwanza, hakutangaza kitu kabla ya kwenda kukiona. Akiambiwa barabara imefungwa, alimwamuru Polepole apitie huko kwanza, aone vizuizi kwa macho yake. Akiambiwa maji yatakatwa, alikwenda mpaka kwenye nyumba ya pampu, nje kidogo ya mji, akaongea na mafundi. Alisema kila ulimi utaulizwa mbele ya Mungu, na siku hiyo hataweza kusema, "Nendeni mkamuulize afisa habari."

Zoea la pili, kila tangazo alilimalizia na ushauri wake mwenyewe. Alikohoa kidogo, akasema, "Na neno langu mimi ni hili." Gari la kupulizia dawa ya mbu likija, neno lake lilikuwa watu wafunike vyungu. Chanjo ikija, neno lake lilikuwa kina baba nao wabebe watoto, mgongo si wa mama peke yake. Watu wengine walingoja neno hilo kuliko tangazo lenyewe.

Basi, mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza, pampu kubwa ya mji iliharibika. Nilikuwa nimerudi nyumbani ili Mama anisaidie kulea, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona nikiwa barazani na mtoto mapajani. Siku zikapita bila maji ya bomba. Maboza ya manispaa yalileta maji kwa zamu, na kila nyumba ikawa inalinda pipa lake kama dhahabu. Kisha bwana maji, yaani mkuu wa idara ya maji, akatoa habari njema: kifaa cha kuitengeneza kimefika, Jumamosi maji yatarudi.

Siku ya kutangaza habari hiyo mwanangu aliamka na homa. Mama alitupeleka zahanati, tukakaa kwenye benchi mpaka jua likawa kali. Aliporudi kazini, Polepole alikuwa anamngoja na gari linaunguruma. Muda wa kwenda kwenye pampu haukuwepo. Mama akapanda, wakaingia mitaani moja kwa moja.

"Majirani, hamjambo. Jumamosi maji yanarudi, Mungu akipenda. Na neno langu mimi ni hili: hayo mliyobaki nayo yameshaota utelezi. Mwageni. Sugueni mapipa. Maji mapya myapokee kwenye chombo safi."

Wakamsikiliza, kama kawaida yao. Ijumaa jioni mtaa mzima ulinuka sabuni. Mapipa yalilala ubavu uani, madumu yalining'inia juu ya ua yakikauka. La kwetu Mama alilisugua mwenyewe kwa mchanga na majivu, huku akiimba chinichini.

Jumamosi mabomba yalikohoa upepo. Jumapili hata kukohoa yakaacha. Ikajulikana kwamba kifaa kilicholetwa ni cha pampu ndogo, cha ile kubwa bado kiko njiani. Maboza nayo yalikuwa yameshapelekwa upande mwingine wa mji, maana huku kwetu ilidhaniwa maji yanatoka. Tukakaa wakavu. Mwanangu nilimwogesha kwa kikombe cha maji nilichoomba kwa jirani, na jirani alinipimia huku anakitazama kikombe, si uso wangu.

Mbele ya nyumba yetu, ng'ambo ya barabara, alikaa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Cherehani yake ilikuwa barazani, kwa hiyo hakuna aliyepita bila kushonewa neno.

"Mama Matangazo! Pipa langu linang'aa mpaka najiona sura humo ndani. Nimependeza! Sasa niletee na maji basi."

Msusi wa pale kona naye akadakia: "Afadhali wewe fundi. Mimi nilimpaka mteja povu kichwani nikingoja bomba. Kaenda nalo kwao hadi leo sijamuona."

Mama alitabasamu, akapita. Lakini nilimwona kukosa usingizi kunamla. Baada ya swala alibaki kwenye msala muda mrefu, na sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Nikimwambia, "Mama, kula kidogo," alisema ameshiba, na alichoshiba sikukijua.

Katikati ya wiki akatangaza kwamba siku ya gari la taka imebadilishwa. Gari lilipopita, hakuna aliyekuwa ametoa taka. "Si amesema Mama Matangazo?" nilimsikia mtu akiuliza, na mwenzake akajibu, "Ndiyo maana nimeziacha ndani." Wakagonga mikono, wakacheka. Mama alikuwa mlangoni. Alisikia.

Hatimaye kifaa chenyewe kikafika na pampu ikapona. Ila bwana maji akaonya: mabomba yamekaa matupu muda mrefu, yameingia uchafu, kwa hiyo maji ya kwanza yatatiwa dawa kali ya kuyasafisha. Siku hiyo nzima maji hayo yasinywewe wala kupikiwa. Mtu mzima akiyanywa ataumwa tumbo, na mtoto mchanga anaweza kupoteza maisha. Mama atangaze kesho asubuhi, maji yafunguliwe mchana.

Alirudi nyumbani na habari hiyo, akakaa kwenye ngazi ya mlango bila hata kuvua mtandio.

"Hawatanisikia," akasema. "Wana kiu ya siku zote hizo. Bomba likitoa maji, nani atakaa kumngoja mwongo?"

"Wewe si mwongo, Mama. Bwana maji ndiye aliyekosea."

"Bwana maji alisema maji yatarudi. 'Mwageni' nilisema mimi."

Akamtazama mwanangu aliyelala mapajani mwangu, na wala hakumgusa. "Katika nyumba ngapi kuna kama huyu?" akasema.

Asubuhi alikwenda kwa afisa habari, kama Polepole alivyonisimulia baadaye, akamwomba ruhusa ya kuomba radhi kwanza kabla ya tangazo. Kijana akavua miwani.

"Mama yangu, manispaa haiombi radhi kwa kipaza sauti. Ikianza leo, itamaliza lini?"

Ofisi nzima ikacheka, na Mama akacheka pamoja nao. Kisha akasema, "Sawa. Ofisi isiombe. Nitaomba mimi."

Afisa habari akavaa miwani yake, akainua uso akaangalia dari. "Mimi hapo sijasikia kitu," akasema, na akampa karatasi.

Walikwenda kwanza kwenye nyumba ya pampu. Mama akasimama hapo mpaka akaona injini inazunguka, akachovya kidole kwenye tangi, akanusa, ndipo wakaingia mjini. Mtaa wetu aliuanza kabla ya mingine yote. Alimwambia Polepole azime injini, na Polepole akazima, jambo ambalo alilipenda.

"Majirani, hamjambo."

Dirisha moja lilifungwa kwa kishindo.

"Hamkunijibu, na ni haki yenu. Niliwaambia mmwage maji. Manispaa haikunituma kusema hivyo. Nilisema kutoka kichwani mwangu, na wala sikuwa nimekwenda kwenye pampu kuangalia. Pipa langu nalo ni kavu kama yenu, na mjukuu wangu ameogeshwa kwa kikombe cha kuomba. Nimewakosea. Nisameheni, kwa ajili ya Mungu."

Vipaza sauti vikabaki vinanguruma peke yake. Mimi barazani nilikuwa nimeziba mdomo kwa upindo wa khanga. Fundi cherehani akasimamisha mashine yake.

"Na leo umekwenda?" akauliza kwa sauti kubwa.

"Nimetoka huko sasa hivi."

"Tutajuaje?"

Mama akafungua mlango wa gari, akautoa mguu nje. Kiatu kilikuwa kimemezwa na tope mpaka juu ya kifundo. "Tope la mji huu unalijua wewe," akasema. "Tangu maji yakatike, liko wapi jingine zaidi ya kwenye pampu? Kama bado una shaka, njoo univue kiatu ukinuse."

Watu wakaangua kicheko. Msusi akapaza sauti, "Fundi, mwache mama wa watu amalize!"

"Mimi nimemzuia? Nimeuliza tu. Haya Mama, sema."

Mama akavuta pumzi. "Maji yanafunguliwa mchana. Yatakuja meupe kama maziwa, na yatanuka dawa. Dekini nayo, mwagieni vyooni. Kunywa, hapana. Kupikia, hapana. Mtoto asiguswe nayo. Mpaka nipite tena kuwaambia. Na leo sina neno langu. Ni hayo tu."

Wakaondoka kuelekea mitaa mingine, nikamsikia akiomba radhi ile ile kona baada ya kona, mpaka sauti ikapotelea upande wa soko.

Mchana mabomba yalinguruma, yakatema kutu, kisha maji yakaja, meupe kweli. Mtaa ulipiga vigelegele. Watu walikimbia na ndoo kwenye bomba la jumuiya, lililokuwa karibu na baraza la fundi. Muda huo pikapu ikarudi. Mama akashuka, akaja kusimama kando yangu akishikilia nguzo, macho kwenye lile bomba. Midomo yake ilikuwa inasoma dua. Ndoo zilijaa zikaondoka, na huwezi kujua kwa kutazama ndoo kwamba ni ya kudekia au ya kunywa.

Polepole, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akavuka barabara. Akainama kwenye bomba, akakinga viganja viwili, akavipeleka mdomoni.

Fundi cherehani aliruka kutoka kwenye kiti chake, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, akavipiga viganja vile maji yakamwagika yote.

"Mzee, una wazimu? Hukusikia tangazo?"

"Nimelisikia mpaka masikio yananiuma," akasema Polepole. "Nimelizungusha mji mzima."

"Sasa?"

"Nilidhani ni la wananchi."

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilifika mpaka manispaa. Wanawake waliweka ndoo chini. Fundi alijaribu kubaki amekasirika akashindwa, akaingia ndani akamletea mzee kikombe cha maji yake ya akiba, ya boza, akamsimamia mpaka akamaliza. Kisha akageukia foleni, akawa anauliza kila mmoja: "Ya kudekia hayo? Una hakika? Haya, pita." Hakuna aliyemtuma. Alisimama hapo mpaka jua likapungua, na mashine yake ikabaki na suruali ya mtu mguu mmoja umeshonwa na mwingine bado.

Namwomba Mwenyezi Mungu amsamehe mama yangu alipokosea, kama mtaa ule ulivyomsamehe, na ampokee kwa rehema. Alicheka siku ile mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kucheka ikawa analia kweli, nami nikamwacha. Alipotulia alijifuta uso kwa mtandio, akauliza kama kuna chakula. Nikampakulia. Alikula chote, akanirudishia sahani nimwongezee.