Niliandaa matembezi ya watoto mtoni, mtaa mzima ukaanza kufunga mizigo

Wakuu, heshima kwenu. Wamama na wapapa wote humu, nawasalimia.

Mimi huwa nasoma tu na kupita kimya. Lakini juzi nimeona uzi wa mwenzetu anaomba sehemu za kutembeza watoto wikendi bila kutoka nje ya jimbo, na mkamjibu vizuri sana. Hoteli zenye bwawa, boti, sehemu ya kupanda farasi.

Mimi niko Kibua, Walikale, Kivu Kaskazini. Farasi sijawahi kumwona kwa macho yangu. Ila watoto tunao, na wikendi inafika hata huku.

Basi naleta ya kwangu, kama ilivyotokea, bila kuongeza chumvi. Pale watu wanapoongea mtanivumilia na Kiswahili chetu cha Kongo, maana nikikinyoosha kitapoteza ladha.

Kwanza mtujue.

Nina watoto watatu. Divine ndiye mkubwa, ana miaka tisa. Anafuata Josué, mdomo mkubwa kuliko mwili. Wa mwisho ni Plamedi, bado yuko mgongoni. Baba yao anafanya kazi ya udereva kwenye mgodi wa Bisie na anarudi nyumbani akipewa likizo, kwa hiyo siku nyingi mimi ndiye mama, ndiye baba, ndiye polisi.

Sisi asili yetu ni milima ya Masisi, watu wa jembe. Vita ndiyo iliyotutoa kule, mambo mnayoyajua, sitaki kuyarudia hapa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mama Consolée, naye katoka milima hiyohiyo, ila wao ni watu wa ng'ombe. Zamani sisi na wao tungegombana kuhusu ng'ombe kuingia shambani. Hapa Kibua tunaazimana kiberiti.

Sasa, siku moja nikiwa nimekaa na simu, nikaona mama mmoja wa mjini ameweka picha za watoto wake. Ameandika kwamba aliwafanyia sapraizi: hakuwaambia wanakwenda wapi, aliwaambia tu wajiandae, wakapiga kelele za furaha. Nikasema, kumbe! Hata mimi naweza.

Wivu ni kitu kibaya, lakini siku hiyo ulinisukuma mahali pazuri.

Nikapanga. Chini ya mashamba ya mihogo kuna kona ya mto ambapo maji ni madogo na kuna mchanga mweupe. Ni mwendo wa kushuka tu. Nikamwomba kijana mmoja jirani aniazime chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali tunayobebea mizigo, ili watoto wateleze nayo kwenye mteremko. Nikachemsha viazi vitamu. Nikakaanga mikate ya mafuta na kuificha juu ya dari, kwa sababu Josué ana pua ya mbwa.

Halafu mchana ule, wakila, nikatangaza kwa sauti ya ukali kidogo ili sapraizi ikolee:

"Kesho asubuyi tunatoka. Kila mutu atengeneze bintu yake."

Divine akaniangalia. "Tunaenda wapi, Mama?"

"Usiulize. Utaona."

Hakuuliza tena. Akainuka, akaosha sahani, akamfuta Plamedi pua, akaanza kupanga vitu. Josué mwenyewe alinyamaza, na hilo huwa halitokei. Nami nikajisifu moyoni kwamba nimelea watoto wenye adabu.

Wakuu, mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani, lakini mimi siku hiyo nilikuwa bado sijaerevuka.

Asubuhi nafungua mlango, namkuta Divine amekaa kwenye kizingiti, yuko tayari.

Amevaa robe mbili, yaani magauni, moja juu ya jingine. Miguuni kuna sufuria kubwa, ndani yake ameweka blanketi ya Plamedi, chumvi iliyofungwa kwenye plastiki, kiberiti, na matokeo yao ya shule. Josué yuko pembeni ameshika kuku wetu, miguu imefungwa kamba vizuri. Mpira wake wa matambara sikuuona. Alikuwa ameshampa rafiki yake wa nyumba ya pili, kama zawadi ya kuagana.

Kabla sijafungua mdomo, natazama barabarani. Mama Consolée amesimama mbele ya nyumba yake na godoro kichwani.

"Mama Divine," ananiuliza kwa sauti ya chini, "bamefika wapi?"

"Banani?"

"Sasa weye njo unaniuliza miye? Mutoto yako alisema asubuyi munatoka. Nikasema, bwana yake iko Bisie, anasikiaka habari mbele ya batu yote, lazima alimupigia telefone."

"Mama Consolée, tunaenda ku mutoni."

"Kuvuka?"

"Kucheza."

"Kucheza nini?"

"Maji."

Akanitazama hivi, godoro bado kichwani. Nyuma yake nikaona Papa mmoja wa mtaani ameshafungua zizi la mbuzi. Mwingine anafunga bati lake kwa kamba. Mtaa mzima, wakuu! Mtaa mzima ulikuwa unahama kwa sababu mimi nimeiga sapraizi kwenye simu.

Ilibidi nipite nyumba kwa nyumba, nikieleza. Wengine walicheka. Wengine walinitukana, na sikuwajibu, walikuwa na haki. Mzee wa mbuzi akaniuliza, "Mutu muzima anatoka ku nyumba asubuyi na batoto, haiendi ku shamba, haiendi ku matanga, haiendi ku dispensaire, anaenda tu?" Nikamwambia ndiyo, Papa, anaenda tu. Akatikisa kichwa na kuanza kukusanya mbuzi wake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Huku kwetu hakuna safari isiyo na sababu. Mtu anatoka kwa soko, kwa msiba, kwa ndoa, kwa ugonjwa, na sababu hiyo inasemwa mapema hata jirani anaijua. Safari ya "usiulize, utaona" watoto wangu wanaifahamu moja tu.

Mama Consolée ndiye aliyeniokoa. Aliangusha godoro chini, akakaa juu yake, akacheka mpaka machozi. "Sasa miye nimeishafunga, nimechoka mbele ya saa," akasema. "Twende yote, tuone hiyo maji."

Tukashuka, yeye na watoto wake, mimi na wangu. Kuku alifunguliwa akabaki, ingawa sidhani kama alitusamehe.

Jamani, ile kona ya mto ni nzuri. Chukudu inashuka kwenye mteremko na watoto watatu juu yake, mwisho inawamwaga kwenye mchanga, wanainuka wanaisukuma tena juu. Mama Consolée, mtu wa ng'ombe mwenye heshima zake zote, alipanda chukudu akapiga kelele mpaka ndege wakaruka.

Lakini Divine hakucheza.

Alikaa chini ya mti na sufuria yake katikati ya magoti. Alikuwa amekataa kuiacha nyumbani. Jua kali, robe mbili, jasho linamtiririka, macho ameyaelekeza kwenye njia tuliyoshukia.

"Toa basi hiyo robe moja," nikamwambia.

"Hapana, Mama. Iko sawa."

"Maji iko muzuri, Divine. Angalia Josué."

"Minamuona."

Nitasema ukweli, nilianza kukasirika. Nimekaanga mikate, nimetukanwa na mtaa mzima, na mtoto niliyemfanyia yote haya amekaa kama mlinzi wa depo. Nikakaa karibu naye nikitaka kumgombeza. Akaniwahi.

"Mama, leo tutalala wapi?"

"Ku nyumba."

"Kweli?"

"Kweli. Magaribi tutarudia."

Akachora mchanga kwa kidole. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Ile siku ya Masisi pia ulisema magaribi tutarudia."



Nilisema, ndiyo. Nilikuwa nimembeba Josué, Divine anakimbia kando yangu ameshika kitenge changu, analia anataka kurudi. Nikamwambia tutarudi jioni ili miguu yake iendelee. Mzazi gani hakusema hivyo siku ile? Na wala sijutii, maana alifika. Ila mtoto aliweka lile neno, akalisubiri, na hakuna aliyemwambia aache kulisubiri. Na orodha ya vitu vya kubeba, chumvi, kiberiti, matokeo ya shule, mimi ndiye niliyemfundisha.



Maneno yasingesaidia. Maneno yangu alikuwa ameshayapima. Nikasimama, nikamwambia Mama Consolée anishikie Josué na Plamedi.

"Simama, Divine. Tunapanda."

"Kwenda wapi?"

"Kuangalia nyumba kama iko."

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akabeba sufuria kichwani na kutangulia. Kile kilima ni kikali, na nilimwambia aniachie mzigo, akakataa. Sikumlazimisha.

Tulipotokea kwenye mihogo, akasimama. Nyumba ilikuwepo. Moshi wa jirani ulikuwepo. Yule mzee alikuwa amekaa nje na mbuzi wake, akatuuliza kwa kejeli, "Muchezo imeisha?"

Nikampa Divine ufunguo. Akafungua kufuli mwenyewe. Akaingia, akagusa kitanda, akatikisa kidumu cha maji, akaweka kiganja juu ya majivu. Yalikuwa bado na joto la asubuhi.

Alikaa pale kwenye mafiga kitambo. Halafu akaanza kurudisha vitu, kimoja kimoja. Chumvi mahali pake, kiberiti mahali pake, matokeo ya shule chini ya godoro. Sufuria akaigeuza juu ya mafiga. Mwisho akavua robe ya juu, akaikunja, akaiweka kitandani. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya natazama kuku.

"Mama," akasema, "tushuke mbiyo. Josué atamaliza mikate yote."

Aliteremka kile kilima akikimbia, mikono mitupu. Nilikuwa sijamwona akikimbia na mikono mitupu tangu tufike Kibua. Nilipofika chini, nikihema, alikuwa ameshaingia majini mpaka kiunoni, anamrushia Josué maji, na Josué anampigia dada yake kelele, "Yaya, unaniua!"

Nililia, siwafichi. Mama Consolée aliniona, akanipa mkate, akageukia upande mwingine. Ndiyo adabu yake.

Jioni tulirudi. Josué alikwenda kudai mpira wake, na hiyo vita ni uzi mwingine kabisa.

Sasa kwa mama aliyeomba sehemu za kwenda na watoto. Ndani ya jimbo letu zipo hata bila hoteli. Kona ya mto, ila uliza kwanza kama mvua imenyesha milimani, maana maji hushuka bila hodi. Mteremko na chukudu. Malisho ya ng'ombe, watoto wanabingirika kwenye majani mpaka wanatapika, na wenye ng'ombe wakiwapa maziwa usiwaache wakatae, ni kuwavunjia heshima. Shasha, ziwani, kuona wavuvi wanavyoanika samaki, siku barabara ikiwa nzuri.

Lakini kama watoto wako wamewahi kukimbia, sapraizi waachie wenyewe wa kwenye simu. Waambie mapema mnakwenda wapi na kufanya nini. Na kabla ya hayo yote waambie mtarudi saa ngapi, kisha mrudi saa hiyohiyo, hata kama mchezo umenoga. Jirani zako nao uwaambie, kwa faida ya magodoro yao.

Baada ya hapo tumekwenda mara ya pili, kwenye malisho ambapo kaka yake Mama Consolée anachunga. Siku hiyo nilitangaza mapema na mtaa wote ulijua. Yule mzee alituagiza maziwa.

Asubuhi nikiwa namfunga Plamedi mgongoni, nikasikia maji yanamiminwa jikoni. Nikachungulia. Divine, robe moja, ameinamia ile sufuria. Anaosha maharage na kuyaloweka.

"Unafanya nini? Tunachelewa."

"Minaloweka maharagi," akasema, akifunika. "Tukirudia, itakuwa imelainika."

Karibuni mchangie, wakuu, hasa wenye sehemu nzuri upande wa Walikale. Mnapotaja sehemu mtaje na muda wa kurudi, maana siku hizi Divine hanisikii nikisema safari. Ananiuliza kwanza: "Niloweke ao nisiloweke?"